Kompyuta imekuwa nzito ghafla: tafuta kilichoibana kabla ya kupiga Windows upya

Kompyuta iliyochoka polepole kwa miaka mitatu haiuguzwi kama ile iliyokuwa nzima juzi ikaamka leo nzito. Ya kwanza imezidiwa na kazi. Ya pili kuna kitu kimebadilika: diski imeanza kuharibika, feni imeziba, RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) imelegea, kuna programu mpya imejipenyeza, au Windows yenyewe iko katikati ya shughuli zake. Mafundi wengi wa mtaani wana dawa moja kwa yote hayo: "Tupige Windows upya." Mara nyingine inaponya. Lakini kama shida ni diski inayokufa, kupiga Windows ni kuandika gigabaiti kadhaa juu ya chombo ambacho hakina uhakika wa kumaliza wiki, na picha zako zimo humohumo. Pima kwanza. Hatua zilizomo hapa ni za Windows 10 na 11, na nyingi hazihitaji kufungua hata skrubu moja.

Restart, si Shut down

Anza na Restart. Kuzima na kuwasha si kitu kilekile. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down mfumo haufungi kila kitu. Unahifadhi kiini chake kwenye diski ili kesho uwake haraka. Mpango huo unaitwa Fast Startup. Ndiyo maana mtu anazima laptopu kila usiku, halafu ukienda kwenye Task Manager (bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja), kichupo cha Performance, ukabofya CPU, yaani prosesa, unakuta mbele ya Up time pameandikwa 23:04:11:52. Siku 23. Dereva (programu inayoendesha kifaa) iliyokorofika siku ya kwanza bado imo ndani. Restart ndiyo inayoondoa yote na kuanza upya.

Baada ya Restart, jiulize kompyuta imekaa muda gani bila intaneti. Nyumba nyingi huwasha hotspoti ya simu pale tu panapokuwa na kazi, na kompyuta ikipata mtandao baada ya wiki tatu hukimbilia kila kilichorundikana: masasisho ya Windows, orodha mpya ya virusi, OneDrive, kivinjari. Kwenye Task Manager utaona majina kama Windows Modules Installer Worker na Antimalware Service Executable yakiwa juu. Si virusi hao. Chomeka chaja, iache saa moja au mbili imalize, kisha Restart tena. Kama bando ndilo linalokuuma, ingia Settings, Network & internet, chagua mtandao unaotumia, washa Metered connection; masasisho makubwa yatasubiri.

Hakikisha pia kwamba kilicho kizito ni kompyuta kweli. Zima Wi-Fi, fungua Notepad, fungua folda ya picha. Vikifunguka papo hapo, basi mtandao ndio ulio mzito, na kilichobaki hapa hakikuhusu.

Task Manager

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kama dirisha ni dogo lisilo na maelezo, bofya More details. Subiri dakika moja, maana kulifungua kwenyewe kunapandisha prosesa kidogo, halafu tazama asilimia zilizo juu ya safu za CPU, Memory (yaani RAM) na Disk. Bofya kichwa cha safu ili wala-rasilimali wakubwa wapande juu.

Kompyuta isiyofanya kazi yoyote huwa na CPU chini ya asilimia 10 na Disk karibu na sifuri. Safu itakayokuwa imeganda kwenye 90 au 100 kwa dakika tano mfululizo ndiyo unayoanza nayo. Usihangaike na tatu zote kwa mpigo. RAM ikijaa, Windows huanza kutumia diski kama RAM ya dharura, kwa hiyo ukiona Memory 95 na Disk 100 kwa pamoja, mwenye kosa ni Memory. Diski inabebeshwa tu.

Disk iko 100

Hapa ndipo kompyuta nyingi za nyumbani huanguka, hasa zile za mtumba zilizo bado na HDD, diski ya kizamani yenye sahani inayozunguka. Swali la kwanza: diski ina kazi nyingi, au inaumwa? Task Manager ina jibu. Nenda Performance, bofya Disk 0, soma namba tatu: Active time, Read speed na Average response time.

HDD nzima iliyobanwa na kazi huonyesha Active time 100, ikisoma megabaiti kadhaa hadi mia na zaidi kwa sekunde, na muda wa kujibu wa makumi ya milisekunde, pengine mia kadhaa. HDD mgonjwa huonyesha Active time 100 ilhali inasoma nusu megabaiti, au sifuri kabisa, na muda wa kujibu unaruka hadi milisekunde 2,000, 5,000 au zaidi. Maana yake kichwa cha diski kinarudia kusoma sehemu moja iliyoharibika, mara kwa mara, huku Windows nzima imesimama inasubiri. Sogeza sikio: mlio wa "tk… tk… tk" ulio sawa kama saa ya ukutani, ambao haukuwepo mwezi jana, ni habari mbaya.

Pata ushahidi wa pili. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika eventvwr.msc, kisha Windows Logs, System. Tafuta mistari ambayo chanzo chake ni "disk" yenye namba 7, 51 au 153. Namba 7 inasema wazi kuna eneo bovu kwenye diski. Mstari mmoja wa miezi sita iliyopita usikutishe. Kumi na tano za leo asubuhi ni jambo jingine.

Ushahidi wa tatu ni CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Neno kubwa la juu litakuwa Good, Caution au Bad. Usiishie hapo, shuka kwenye orodha utazame 05, C5 na C6. Zote tatu zinatakiwa ziwe sifuri. 05 ni maeneo yaliyokufa na kuhamishiwa kwenye akiba. C5 ni yale ambayo diski bado inashindwa kuyasoma, na hiyo ndiyo inayoleta uzito wa ghafla kuliko nyingine. Kuna namba nyingine mafundi wengi huiruka: C7. Ikiwa 05, C5 na C6 ni sifuri lakini C7 inaendelea kupanda siku hadi siku, diski ni nzima. Kebo ya SATA, ile inayounganisha diski na bodi, ndiyo mbovu au imelegea. Kwenye kompyuta ya mezani zima, chomoa umeme, ng'oa kebo pande zote mbili, weka mpya. Watu wametupa diski nzima kwa sababu ya kebo hii.

Kama ushahidi unasema diski inaumwa, fuata mpangilio huu bila kuuruka:

1. Acha kila kitu. Usi-defragi, usisakinishe chochote, usiendeshe skani ya virusi.
2. Nakili faili zako kwenda kwenye diski ya nje au flashi, ukianza na zile zisizopatikana tena: picha, hati za shule, mahesabu ya biashara. Filamu mwisho. Faili moja ikigoma, iruke, endelea na nyingine, utairudia ukishamaliza.
3. Hapo ndipo, ukitaka, ujaribu chkdsk C: /r, amri ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa Run as administrator. Itakuomba ku-restart, na kwenye diski ya terabaiti moja inaweza kula usiku mzima.
4. Nunua diski nyingine hata kama chkdsk imesema imetengeneza. Imeyazungushia uzio maeneo mabovu yaliyopo leo. Ya kesho haiyajui.

Hatua ya 2 kabla ya ya 3 si mapambo. chkdsk /r hulazimisha diski isome kila kona, na hilo ndilo linalomaliza nguvu za mwisho za diski iliyo mahututi.

Diski ikiwa nzima lakini ina kazi nyingi, tazama nani anayeikalia. Andika resmon kwenye kisanduku kilekile cha Windows na R, fungua kichupo cha Disk, utaona hadi jina la faili inayosomwa. SysMain (huduma ya Windows inayopakia programu mapema) na Windows Search ni majina ya kawaida kwenye HDD. Ili kujua kama SysMain ndiyo yenye fujo, andika services.msc, itafute, bonyeza Stop, kisha subiri dakika tano. Hali ikitulia, badilisha Startup type iwe Disabled. Isipotulia, irudishe kama ilivyokuwa. Ushauri wa "zima huduma hizi ishirini" unaozunguka kwenye mitandao ya kijamii huzaa matatizo yanayoibuka mwezi unaofuata, wakati hakuna anayekumbuka kilichozimwa.

Kisha nafasi. Drive C ikibaki na gigabaiti mbili tatu, Windows haina pa kuweka faili zake za muda na SSD, diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, nazo hupungua kasi zikijaa pomoni. Lenga kubakiza asilimia 15 hadi 20 tupu. Andika cleanmgr, chagua C, bofya Clean up system files. Previous Windows installation peke yake inaweza kuwa gigabaiti zaidi ya kumi. Lakini soma orodha kabla ya kubonyeza OK: kwenye baadhi ya matoleo folda ya Downloads imo, na kwa wengi Downloads ndiyo kabati la nyumba nzima. Kama hutumii Hibernate, amri ya powercfg /h off, nayo kwa Run as administrator, hufuta faili kubwa ya hiberfil.sys na kuzima Fast Startup kwa wakati mmoja.

CPU iko juu, au iko chini kupita kiasi

Ikiwa CPU iko 90 na jina la juu unalijua, kwa mfano kivinjari, tatizo liko ndani ya kivinjari. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc. Inayo Task Manager yake, na utaona ukurasa au kiendelezi kinachokula. Viendelezi vya "kushusha video" na "kuponi" ndivyo watuhumiwa wa kwanza. Viondoe, usivizime tu.

Kuna hali ya hila zaidi. Feni inanguruma, kompyuta imekwama, lakini ukifungua Task Manager CPU inashuka hadi asilimia 5 na feni inanyamaza. Ukiifunga, baada ya dakika mbili tatu ngurumo inarudi. Hiyo ni tabia ya programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako. Zimefundishwa kujificha zikiona unachungulia. Njia zao maarufu ni Office ya bure, "activator" na michezo iliyovunjwa, na nyingi ya hizo hukuomba uzime antivirusi kwanza. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua skani ya offline ya Microsoft Defender. Kompyuta itajizima na kukagua kabla Windows haijaamka, yapata dakika 15. Kisha ondoa ile programu iliyoleta mzigo, la sivyo mgeni atarudi. Kama una antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja, baki na moja: kila faili unayofungua inakaguliwa mara mbili.

Sasa upande wa pili. Nenda Performance, CPU, linganisha Base speed na Speed. Prosesa ya 2.40 GHz iliyobanwa na kazi huku Speed imegandia 0.79 au 0.40 GHz imefungwa breki. Breki hiyo ina sababu mbili kubwa.

Ya kwanza ni chaja. Kwenye baadhi ya laptopu, Dell zikiwemo, kuna sindano nyembamba katikati ya plagi ya chaja inayoitambulisha kwa kompyuta. Sindano ikipinda, au ukinunua chaja ya kuiga, laptopu haijui inapata wati ngapi, kwa hiyo inajishusha ili isizidiwe. Jaribio ni la sekunde kumi: chomoa chaja, utumie betri. Kasi ikirudi hapo hapo, tatizo umelishika mkononi. Angalia pia aikoni ya betri, huenda Battery saver au Best power efficiency imewashwa na mtoto wa nyumbani.

Ya pili ni joto. Sakinisha HWiNFO au Core Temp usome nyuzi. Laptopu ikiwa imetulia, 40 hadi 55 ni kawaida. Ikifanya kazi nzito, 70 hadi 90. Ikigota 95 hadi 100, prosesa inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Dalili ya mtumiaji ni hii: asubuhi dakika kumi za kwanza iko vizuri, kisha inakufa nguvu. Kwenye eventvwr utakuta namba 37 ya Kernel-Processor-Power ikisema kasi imewekewa kikomo.

Kusafisha kunataka utulivu, si vifaa vya bei. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Kama haitoki, ukishafungua kifuniko cha chini chomoa plagi yake kwenye bodi kabla ya kugusa kingine. Skrubu za laptopu hazilingani urefu: zipange kwenye karatasi kwa umbo lilelile zilivyokaa, maana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa upande wa kibodi. Vumbi unalotafuta haliko kwenye mapanga ya feni. Liko nyuma yake, pale hewa inapotokea kwenye mbavu nyembamba za shaba au alumini. Hujisokota likawa kama kipande cha blanketi na kuziba njia nzima. Libandue kwa brashi laini, kisha puliza kwa bloa ukiwa umezuia feni kwa kijiti cha meno. Feni inayozungushwa kwa nguvu na bloa huua bearingi zake. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji.

Kama laptopu ina umri wa miaka minne au zaidi, badilisha na pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto lake, ukiwa umeshafika huko. Futa ya zamani kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya ukubwa wa punje ya mchele, kaza skrubu kwa kukatisha pembe, robo zamu kila moja.

Memory imejaa, au imepungua

Kabla ya kulaumu programu, hakikisha RAM uliyokuwa nayo bado ipo. Performance, Memory: kona ya juu kulia inaandika jumla, na chini Slots used inasema tundu ngapi zina kitu. Kompyuta ya GB 8 inayosoma GB 4 na "1 of 2" imepoteza kipande kimoja. Mara nyingi kimelegea tu baada ya laptopu kudondoshwa au kubebwa kwenye bodaboda. Kitoe, futa meno yake ya dhahabu kwa ufutio safi, pangusa mabaki, kirudishe kwa mshazari hadi meno yazame, kisha kibonyeze mpaka vishikio vyote viwili vilie "ka".

Kama jumla ni sahihi na imejaa, funga kisha punguza wanaojiwasha wenyewe: kwenye Task Manager fungua kichupo cha Startup, zima vyenye High usivyovihitaji. Teams, Spotify na visasishaji vya printa havina haja ya kukuamkia asubuhi. GB 4 kwa Windows 10 au 11 pamoja na kivinjari ni kubana matumizi. Ukiongeza RAM, soma kwanza uliyo nayo: DDR3L na DDR4 zina pengo sehemu tofauti, haziingiliani hata ulazimishe.

Kila safu imetulia lakini bado inastaki

Chomoa kila kilicho kwenye USB: flashi, diski ya nje, kisoma kadi, printa. Diski ya nje iliyo mbovu inaweza kuigandisha This PC nzima. Ondoa pia drive za mtandao zilizounganishwa na kompyuta ya ofisini ambayo haipo tena; Windows huingoja kila unapofungua folda.

Kisha fanya jaribio linalotenganisha vifaa na programu. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Hiyo ni Safe Mode. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo uwe nao mkononi mapema. Ndani ya Safe Mode kompyuta ikiwa nyepesi, mkosaji ni dereva, programu au sasisho: fungua Update history, Uninstall updates, toa lililoingia siku uzito ulipoanza, au rudisha dereva ya awali kwenye Device Manager. Ikiwa nzito humo humo, rudi kwenye diski na joto.

Faili za mfumo zilizoharibika kwa umeme kukatika ghafla hutengenezwa kwa amri mbili, kwa mpangilio huu, kwenye Command Prompt ya Run as administrator, ukiwa na intaneti:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ukifika kwenye kupiga Windows

Diski imethibitika nzima, joto sawa, RAM kamili, Safe Mode nyepesi, na bado hujampata mkosaji: sasa piga Windows, faili zako zikiwa zimeshanakiliwa. Na kama bado unatumia HDD, usipige juu yake. Weka SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256 inatosha kwa nyumba nyingi, na hukaa palepale HDD ilipokuwa. HDD husoma megabaiti mia na kitu kwa sekunde, SSD hiyo yapata 500, ingawa tofauti utakayoihisi zaidi ni kwamba haina kichwa cha kuhamahama kutafuta faili ndogo ndogo. HDD ikiwa nzima, ihamishie kwenye kasha la USB uwekee filamu. Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama kompyuta inakubali 11, weka hiyo moja kwa moja.